Tarehe 19 Juni na tarehe 6 Aprili

Kila 19 Juni, siku ambayo Wamarekani weusi huadhimisha mwisho wa utumwa, huwa nakwenda Emancipation Park, bustani iliyoko mtaa wa Third Ward hapa Houston, Texas. Ekari 10 hizo zilinunuliwa 1872 na watu waliokuwa watumwa miaka saba tu kabla. Walichangishana wapate mahali pao pa kusherehekea. Hadi leo watu huja na wajukuu, wakala tikiti maji na kunywa soda nyekundu. Mzee mmoja alinitajia shamba ambalo babu wa babu yake alilimishwa, na jina la aliyemmiliki. Hakuona haya hata kidogo.

Nilimkumbuka bibi mzaa mama. Kila tulipomwuliza wazee wake walitoka wapi, alitujibu, "Nendeni mkacheze." Akafa nalo.

Kwetu Unguja soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na amri ya kuondoa utumwa ikatoka 6 Aprili 1897. Tarehe 7 ni Siku ya Karume, tunapumzika. Tarehe 6 sijapata kuona mtu akiiadhimisha. Wageni huingia kuviona vile vyumba vya chini vinavyotajwa kuwa vya watumwa, pale kanisani Mkunazini. Sisi tunapita njia kwenda Darajani. Lakini posa ikija, utasikia mtu ananong'ona: "Asili yao hawa?"

Na amri zenyewe zinafanana. Ile aliyoitoa Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Kaskazini kule Galveston, Texas, 19 Juni 1865 iliwatangazia watumwa uhuru, papo hapo ikawashauri watulie walipo wafanye kazi kwa ujira. Ya kwetu ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Fidia akapewa bwana, na masuria wakasubiri mpaka 1909.

Sisemi Wamarekani wamefika. Sikukuu hii imekuwa ya taifa zima 2021 tu, mwaka mmoja baada ya George Floyd, aliyekulia Third Ward hii hii, kuuawa na polisi kule Minneapolis. Taa za polisi zikiwaka nyuma ya gari langu, hakuna anayejali kama nimetoka Unguja au Alabama. Mikono naiweka juu ya usukani. Ila hapa watu wana siku ya kuyasema hayo hadharani, na wanadai. Sisi tumerithi aibu isiyokuwa yetu. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Nataka 6 Aprili ifundishwe shuleni kwetu, na isomwe misikitini na makanisani.

Likizo hii nakuja nyumbani. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na bibi. Nitamwuliza yeye.