Mwongo Usimwite Mwongo, Utatolewa Nje

Nimepewa barua ya onyo kazini. Miaka kumi na moja napakia maboksi usiku kwenye ghala hapa Northampton, Uingereza, sijawahi kuchelewa hata dakika tano, labda siku ile ya theluji na siku ile hata basi lenyewe lilichelewa. Na barua sijaipata kwa kuiba, wala kupigana, wala kulala nyuma ya mapaleti kama wanavyofanya wengine ninaowajua na siwataji. Nimepewa kwa sababu nimemwita mtu mwongo.

Ngoja nieleze kabla hamjanihukumu. Saa tisa usiku tuko breki, jamaa mmoja dereva wa forklifti anafungua friji, yogati yake haipo. Anageuka. Tumekaa pale watu kama kumi na wawili, macho yakapita juu ya vichwa vyote yakaja kutua kwangu kama kunguru kwenye jalala. "Wewe umekula yogati yangu, nimekuona." Umeniona! Mie! Yogati ya stroberi! Mtu mzima na kipara changu, mtoto wa Tanga, nikae kona nalamba yogati ya rangi ya waridi yenye picha ya ng'ombe anacheka? Nikamwambia bwana wewe ni mwongo. Kwa Kiingereza, sauti ya juu kidogo, supavaiza yupo mlangoni na kikombe chake. Basi. Akaitwa mama wa rasilimali watu, tukakalishwa kwenye kile chumba cha vioo kila anayepita anakuona kama samaki, nikaambiwa kwamba suala la yogati litafuatiliwa lakini neno "mwongo" halikubaliki mahali pa kazi, linaumiza. Nikauliza je na yeye kuniita mwizi haiumizi? Akasema hapana, yule ametoa "wasiwasi" wake. Sikia hiyo. Yeye katoa wasiwasi, mie nimetoa tusi.

Nimerudi nyumbani asubuhi nimevimba kama andazi, namweleza mama Salma nikitegemea pole na chai ya tangawizi. Akanitazama weee, akasema baba Salma, miaka ishirini uko nchi hii, hujajua tu kwamba hata Bungeni kwao ndio hivyo hivyo?

Usingizi ukakata palepale. Nikakaa na simu mpaka saa sita mchana na jioni nina shifti.

Maana ni kweli jamani. Sheria ya mle ndani ni kwamba mbunge hamwiti mbunge mwenzie mwongo. Wote waheshimiwa, na mheshimiwa hasemi uongo, kwa hiyo akiusema unakuwa sio uongo, ni kitu kingine, kitafutiwe jina. Churchill mwenyewe mwaka 1906 aliwaachia kale kamsemo kake karefu ka "kutokuwa sahihi kwa istilahi", mpaka leo wanakatumia kulizunguka hilo neno kama mtu anayezunguka dimbwi na viatu vipya. Na redio zetu zamani zikiliita Bunge la Makabwela! Mie mdogo nikidhani mle ndani wamekaa watu kama mjomba wangu muuza kahawa. Makabwela gani, mwaka 2009 zilipoanikwa hesabu zao ikaonekana mheshimiwa mmoja kaandika kudai pauni 1,645 za kibanda cha bata, cha kuelea bwawani. Hakulipwa lakini alidai. Mie nakaa ghorofani watoto watatu chumba kimoja, bata ana kisiwa chake.

Tuachane na bata. Julai 2021 mama mmoja wa chama cha Labour, Dawn Butler, mbunge wa London, akasimama akasema waziri mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge na nchi, tena na tena. Mwenye kiti akamwomba aifikirie upya kauli yake. Mama akagoma, akasema ajabu yake humu matata yanampata anayeutaja uongo, anayeusema yuko salama. Akatolewa nje. Aliyetajwa hakutolewa, na nadhani jioni alikula vizuri tu.

Sasa njooni kwenye siku ninayoipenda mimi, 31 Januari 2022, siku hii ningekuwa na uwezo ningeitundika sebuleni. Lakini kwanza mkumbuke 2020 na 2021 tulivyokuwa, korona, kukusanyika marufuku. Mie shemeji yangu amezikwa nikiangalia kwenye simu, intaneti inakata kila wanapofika kwenye dua. Malkia mwenyewe, mwenye nchi, Aprili 2021 alimzika mumewe amekaa peke yake kwenye benchi na barakoa nyeusi. Na usiku mmoja kabla ya mazishi hayo, pale ofisini kwa waziri mkuu Downing Street watu walikuwa wanaserebuka, magazeti yakaandika mtu alitumwa dukani na sanduku la safari, lile la magurudumu, likarudi limejaa chupa za mvinyo. Mie sanduku lile nalijua kwa kubebea khanga na vitenge kupeleka nyumbani, kumbe lina kazi nyingine. Wakaandika pia kwamba walivunja na bembea ya mtoto wa waziri mkuu. Watu wazima, wana shahada, wamevunja bembea.

Johnson alipoulizwa Bungeni Desemba 2021 akajibu kwamba amehakikishiwa mara kwa mara kuwa hakukuwa na pati na hakuna kanuni iliyovunjwa. Amehakikishiwa! Nyumba yake! Ndio kama mie mama Salma aniulize nani kamaliza visheti nimwambie nimehakikishiwa mara kwa mara kwamba hakukuwa na visheti. Mwishowe polisi walitoa faini 126, na yeye akapata yake, pauni 50, ya hafla ya siku yake ya kuzaliwa. Hamsini. Mie nimeegesha gari hospitali dakika kumi na mbili zimezidi nikalipa zaidi ya hiyo, na sikuwa na keki.

Haya, hiyo Januari 31 wanajadili ripoti ya awali ya hizo pati. Keir Starmer, wakati ule kiongozi wa Labour na wa upinzani, amembana Johnson mpaka ukutani. Johnson badala ya kujibu habari ya pati akatoka na kwamba Starmer alipokuwa mkuu wa waendesha mashtaka alitumia muda kushitaki waandishi wa habari akashindwa kumshitaki Jimmy Savile. Kwa wasiomjua, Savile alikuwa mtangazaji maarufu sana wa huku, akafa 2011, ndio yakafumuka kwamba miaka na miaka alikuwa akiwanajisi watoto. Kesi yake kweli iliangaliwa 2009 na Starmer kweli alikuwa bosi wa idara lakini hakuna ushahidi wowote kwamba faili lile lilifika mezani kwake au kwamba alihusika na uamuzi. Yaani huyo anaulizwa habari ya mvinyo, anajibu habari ya mnajisi wa watoto. Hata yule dereva wangu wa forklifti hakufika huko, alisimamia kwenye yogati.

Siku hiyohiyo, kikao hichohicho, Ian Blackford wa chama cha SNP cha Scotland, mzee mmoja mwili umejaa na sauti kama muadhini bila kipaza, akasema waziri mkuu amelipotosha Bunge. Spika Lindsay Hoyle akaanza kumbembeleza, jamani mheshimiwa ongeza basi neno moja tu, sema amelipotosha "bila kukusudia". Blackford hataki. Spika anarudia, nisaidie, sema bila kukusudia. Hataki. Spika ikabidi aanze kusoma maneno ya kumfukuza, hajamaliza anainua macho, mzee keshatoka zamani kwa miguu yake mwenyewe, Spika anafukuza kiti.

Na aliyezusha ya Savile? Yupo. Amekaa. Kesho yake Spika akasema hakuridhika kwamba maneno yale yanafaa, lakini kwa kanuni hakuna kilichovunjwa. Ni sawasawa na kwenye chumba changu cha vioo, tofauti wao wana mabenchi ya kijani. Siku tatu baadaye mama Munira Mirza, mkuu wa sera pale Downing Street, aliyefanya kazi na Johnson miaka mingi, akabwaga manyanga kwa sababu ya uzushi ule. Na siku chache tu Starmer akazingirwa na wazomeaji barabarani karibu na Bunge, wengine wanampigia kelele za Savile hizohizo, polisi wakamsukumiza ndani ya gari. Neno lilitoka Jumatatu, Jumatatu ya pili liko barabarani linakimbiza mtu.

Sasa nikawa nishamwonea huruma Starmer, nikasema huyu ndugu yangu, huyu yogati yetu moja. Nikasogeza simu chini kidogo. Lahaula. Aprili 2023 chama chake hichohicho kikatoa tangazo lenye picha ya Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati ule, anatabasamu, linauliza je unadhani watu wazima waliopatikana na hatia ya kuwadhalilisha watoto kingono wanapaswa kwenda jela? Halafu jibu: Rishi Sunak hadhani. Na sahihi yake chini kama vile kaandika yeye! Hesabu ya wasiofungwa waliyotumia inaanzia 2010, Sunak ameingia Bungeni 2015, na waziri mkuu wa huku hahukumu watu, wapo mahakimu. Watu wakapiga kelele, hata baadhi ya wa chamani kwake, Starmer akasema anasimamia kila neno. Kila neno! Mtu aliyekimbizwa na watu kwa uzushi kama huohuo! Nikazima simu nikaangalia dari.

Ya Sunak nayo ipo msidhani namtetea, Juni 2024 kwenye mdahalo alirudia kila baada ya dakika mbili kwamba Labour watakuongezea kodi pauni 2,000, mie nikashika kifua, kumbe ni jumla ya miaka minne, ya kwa mwaka ni 500, na hesabu zenyewe za chama chake mwenyewe Sunak. Nilijaribu mbinu hiyo kwa mama mkwe, nikamwambia nimeshatuma pauni elfu mbili. Akauliza tangu lini.

Halafu mnajua wanayo mahakama ya mambo haya? Ndiyo. Ukimzushia mgombea mwenzio wakati wa kampeni ni kosa kabisa, siyo kanuni ya adabu. Mwaka 2010 Phil Woolas wa Labour kule Oldham alishinda kwa kura 103, vipeperushi vyake vilikuwa vimempaka mpinzani matope ya ajabu, majaji wakasema huu ulikuwa uzushi na mwenyewe hakuuamini, ushindi ukafutwa, kiti hana, na miaka mitatu asigombee. Nikafurahi nikamwamsha mama Salma. Akasema wewe uligombea nini, uenyekiti wa friji? Akalala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba na mie wananitaka. Sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tukiwa na vibali vyetu hapa tunapiga kura zote, ya diwani mpaka ya ubunge, kwa hiyo kila uchaguzi kisanduku changu cha barua kinajaa kuliko cha mganga. Mara ya mwisho chama kimoja, nisikitaje, kimeniletea karatasi ina mchoro wa nguzo, nguzo yao imepanda kama mnazi, ya mwenzao fupi kama kinu, chini imeandikwa "hawa hawawezi kushinda hapa". Salma ana miaka kumi na mbili, akachukua rula ya shule akapima. Namba zilizoandikwa zimepishana kidogo tu, nguzo zimepishana mara tatu. Akauliza baba huyu mwalimu wake wa hesabu ni nani. Nikamwambia mwanangu hawakukusudia.

Sasa kisa changu kimeishia hivi. Wiki iliyofuata naitwa tena chumba cha vioo. Wameangalia kamera, kumbe juu ya friji ipo kamera, miaka kumi na moja siijui. Yogati yake kala mwenyewe! Saa sita kasoro, kasimama, kijiko cha plastiki, kala kamaliza kalamba na kifuniko kisha kasahau. Nikakaa vizuri kwenye kiti nikasubiri. Jamaa akasema kwamba alitoa taarifa isiyo sahihi bila kukusudia. Wallahi kasema hivyo, sijui kasomea wapi. Mama wa rasilimali watu akamshukuru kwa uwazi wake. Nikauliza na barua yangu ya onyo inafutwa? Hapana, neno lilitamkwa, halihusiani na yogati.

Nikasimama nitoke na heshima yangu. Akasema subiri, kaa kidogo. Kwenye kamera hiyohiyo, saa nane na dakika arobaini, kuna mtu mwenye kipara anaonekana na sandwichi ya tuna ambayo mwenyewe anaitafuta tangu siku ile.

Nimemjibu kwamba nilihakikishiwa, mara kwa mara, kuwa ile sandwichi haikuwa na mwenyewe. Wanaendelea na uchunguzi.