Mbona Maciej Nowicki kaachwa?

Mwandishi, katika makala yako kuhusu Wapolandi waliobadili ujenzi Marekani, mhandisi wa madaraja Ralph Modjeski umemtendea haki, hasa kwa lile daraja la Benjamin Franklin la Philadelphia (1926). Lakini kuwazungumzia watu hao halafu msanifu majengo Maciej Nowicki asitajwe kabisa, hapo umetuacha njiani.

Ukumbi aliousanifu Raleigh, North Carolina, leo unaitwa Dorton Arena. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo, kwa hiyo ng'ombe ndio walikuwa wageni rasmi! Katikati ya ukumbi hakuna nguzo hata moja. Kuna matao mawili makubwa ya zege yaliyoinama, moja huku na jingine kule, yakapishana karibu na ardhi. Tao moja likiachwa peke yake, uzito wake ungelivuta lianguke kwa nje. Sasa kati ya matao zimetandazwa nyaya za chuma: uzito wa matao unazikaza nyaya, nazo nyaya zinayazuia matao yasianguke, na juu ya nyaya hizohizo ndipo lilipolala paa, limebonyea kama tandiko la farasi. Mtu aliwaza hivyo kabla ya kompyuta kuingia ofisi za wahandisi!

Nowicki mwenyewe hakuuona umesimama. Agosti 1950, akiwa na miaka 40, alikuwa anarudi kutoka India kwenye kazi ya kupanga mji mpya wa Chandigarh, ndege ikaanguka Misri. Msanifu William Deitrick na mhandisi Fred Severud wakaufikisha mwisho mwaka 1952. Chandigarh yenyewe akapewa msanifu majengo Le Corbusier, na sifa karibu zote zikamfuata huko.