Mfumo haukua kwa ukumbi

Ijumaa iliyopita kasini yangu alinikokota hadi openi maiki ya chuo chao hapa Nairobi, bango limeandikwa usiku wa utamaduni na uanaharakati, kiingilio mia moja, na kusema ukweli mimi nilifuata chapo na madondo waliyoahidi. Chapo ziliisha kabla nifike kwa meza. Ya saa moja ilianza saa mbili na nusu, maiki inakoroma, spika imebebwa na kreti ya soda.

Nianze na malalamiko. Washairi kama sita wa kwanza walikua ni kama wamekopiana hom-weki. Mfumo umetuua, mfumo umetunyonya, bendera shingoni kama ile siku ya maandamano, 25 Juni 2024, watu wanapiga vidole, huyu anashuka yule anapanda. Sichezei uchungu wao, hata mimi siku hiyo nilikua tao, nilikula tiagasi mpaka macho yakafura, na kesho yake tukasikia Rais akisema hatatia sahihi mswada wa fedha, kwa hivyo najua kelele inaweza kufika mahali. Lakini mfumo ni adui rahisi sana ukiwa jukwaani. Haujakuja ukumbini, haukuangalii machoni, utautukana dakika tano mzima na ukishuka hakuna mtu amekununia.

Alafu akapanda dem wa mwaka wa kwanza, karatasi imekunjwa mara nne, hata kujitambulisha akasahau. Akaanza na ile barua ya ufadhili, amewekwa bendi ya tano, bendi ya waliojiweza, na mamake anauza omena Kondele. Huo mpango wa kufadhili wanafunzi wa chuo kwa bendi tumeulilia tangu 2023, hadi Mahakama Kuu ikasema Desemba 2024 kwamba unakiuka katiba na serikali ikakimbilia rufaa, kwa hivyo nikajua ni hapo ataegemea. Wapi! Akahama akaingia hosteli. Akaeleza vile potali ikifunguliwa vyumba vinaisha dakika chache, alafu jioni unavipata WhatsApp, komredi mwenzako anakuuzia kitanda cha chuo mara mbili ya bei, na usipokua nazo unakua pairati kama yeye, unalala sakafuni katikati ya vitanda viwili unaamka saa kumi na moja kabla askari wa hosteli wapite. Kila ubeti alimalizia na swali moja tu, "Komredi uliyeniuzia kitanda, nikuite nani?"

Na viongozi wa wanafunzi wako mstari wa mbele hapo, na maji ya chupa.

Hakuna aliyepiga vidole. Mmoja alitoa simu akaanza kuitazama kama imemuita. Emsii akarudi mbio, "aki nzito hiyo, nzito," akaitisha ngoma.

Mimi nikamkumbuka Abdilatif Abdalla, mshairi, kijana wa Mombasa aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya twendapi. Swali tu, na alijua wanaoulizwa watalisoma. Sisemi chumba cha hosteli ni sawa na jela ya siasa, msinianze kwa komenti, nasema uanaharakati wenye anayeulizwa yuko hapo hapo ndio unatoa jasho, na ule mwingine tunaweza kuufanya hata tukiwa na usingizi. Hao sita wa kwanza walishangiliwa kwa sababu hawakumgusa mtu yeyote aliyelipa mia moja kuingia.

Zawadi ilienda kwa mwenye bendera, sishangai. Dem aliondoka kabla matokeo, pengine alikua anawahi nafasi yake pale sakafuni.

Kwa matatu kasini, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikaa kimya tukapita Pangani, tukapita Muthaiga, alafu akasema akiangalia dirisha, "Lakini si kila mtu huuza?" Sikumuuliza kitu. Anakaa bedsita nje ya chuo tangu muhula uanze, na mimi ndio nilimsaidia kubuku kitanda cha hosteli.