Unga tulikuwa nao, mkaa ndio ulilowa
Hapo mnaposema kaya ikiweka maji na chakula cha siku tatu basi imeshajiandaa na kimbunga, mimi wa huku Kilwa nakataa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, nasi tukanunua unga, maharage, mafuta ya taa. Kimbunga chenyewe kikafika Mafia tarehe 4 kimeshapungua nguvu, watu wakaanza kucheka. Kumbe shughuli ilikuwa mvua: barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga, malori yakalala, na dukani bei ikapanda tukiwa bado tunahesabu hizo siku tatu. Kwangu unga ulikuwepo ndoo nzima, ila gunia la mkaa lilikuwa ubavuni mwa nyumba chini ya turubai. Turubai likaenda na upepo, mkaa ukalowa chapachapa. Utaula unga mbichi? Jirani aliyeficha mkaa wake kwenye pipa lenye mfuniko ndiye aliyetupikia. Na maji, msidanganyane na kisima: choo kikifurika, maji ya kisima nayo yamechafuka, jaza madumu kabla mvua haijaanza. Halafu bati. Wengi huku tunapanga mawe juu ya paa, upepo ukizidi jiwe hilohilo linakushukia. Fundi aliniambia nifunge kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, kwa waya hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nimefanya upande mmoja tu, hela ikaishia hapo. Wenzangu wa Mtwara mlioonja hofu ya kimbunga Kenneth 2019, ninyi mapaa ya makuti mnayafungaje?