Nilijiita, Nikaitika Mwenyewe

Nyumbani kwangu kuna ugonjwa mmoja tu: "Neti hakuna." Simu imeisha chaji, neti hakuna. Mtu kasahau nywila yake, neti hakuna. Na tabibu wa ugonjwa huo ni mimi, kwa sababu nilijitia ujuaji.

Modemu ya kampuni ya intaneti ilikuwa inafanya kazi. Kwa kujikongoja, lakini inafanya. Mimi nikaona hapana, nikatafuta ruta ndogo, kiboksi cha kugawa neti ndani ya nyumba, nikafuta programu iliyotoka nayo kiwandani, nikaiwekea OpenWrt, mfumo wa kuendeshea ruta uliojengwa juu ya Linux. Linux hiyo, jamani! Kiboksi kizima kina hifadhi ya megabaiti 16, picha chache za simu zinakijaza, lakini nilivyokuwa natamba ungedhani nimerusha setilaiti.

Jumamosi nikaichomeka nyuma ya modemu. Taa zote zikawaka kijani. Usiamini taa. Taa inakwambia waya umeingia kwenye tundu, basi. Mengine yote inakuachia mwenyewe.

"Baba Asha, neti hakuna."

Nikaingia kwenye ruta kwa SSH, yaani kwa kuiandikia amri kutoka kwenye laptopu, nikapiga ping, ile hodi ya kuuliza "Upo?", kwa 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje. Haifiki. Nikajiambia tulia, anza karibu uende mbali. Modemu anwani yake ni 192.168.1.1, nikaipiga ping hiyo. Ikajibu! Tena chapuchapu, hata milisekunde moja haifiki. Nikaegemea kiti. Modemu nzima, waya mzima, kwa hiyo kosa ni la kampuni. Nikawapigia. Baada ya muziki mrefu, kijana akaniambia kwa upole: "Mzee, zima, hesabu mpaka thelathini, washa." Mimi? Mtu mwenye Linux? Nikakata simu.

Saa nne usiku nikaanza kusoma logi, daftari ambamo ruta inaandika kila inachofanya. Kila mstari wa tatu naona jina la dnsmasq. Nikasema wewe ndiye mchawi, nikaizima. Sikujua, au nilijua nikasahau kwa hasira, kwamba huyo ndiye anayegawa anwani kwa simu zote za ndani, na ndiye anayetafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Yaani mgeni amechelewa kufika, mimi namfukuza bawabu.

Saa sita nikaamua kubadilisha waya. Nikaingia chini ya meza na tochi mdomoni, nikauchomoa waya wa modemu, nikatoka kinyumenyume, kichwa kikagonga ubao. Nimekaa sakafuni najisugua utosi, macho yakaenda kwenye skrini. Ping nilikuwa nimeiacha inaendelea. Jibu la 214. Jibu la 215. Jibu la 216.

Waya ninao mkononi.

Sasa modemu inajibu kwa njia gani, kwa maombi? Nikaanza kuhisi ubaridi mgongoni. Kumbe ruta yangu nayo, tangu kuwekewa OpenWrt, inajiita 192.168.1.1. Wajina wawili, mlango mmoja! Kila nilipouliza "Upo?", ruta ilijisikia imeitwa yenyewe, ikajibu "Nipo," na mimi nikashukuru. Tangu mchana nilikuwa nasalimiana na mtu yuleyule aliyebeba salamu. Na ukitaka kutoka nje, njia inapita kwa 192.168.1.1, yaani inapita kwako mwenyewe. Utafika wapi?

Dawa yenyewe ni mstari mmoja: upande wa ndani wa ruta nikaupa 192.168.2.1, nikahifadhi, nikawasha mtandao upya. Hapo skrini ikaganda. Nikapiga kelele peke yangu. Bila shaka imeganda, bwana, nimehamisha nyumba nikiwa bado nimekaa kwenye kochi lake! Nikaiambia laptopu iombe anwani mpya, ikarudi na namba inayoanza na 169.254. Maana yake: nimebisha hodi, hakuna aliyeitikia, nimejipa anwani mwenyewe. Na nani alimfukuza bawabu? Nyamaza.

Nikaiandikia laptopu anwani kwa mkono, nikarudi ndani, nikamwamsha dnsmasq kwa heshima zote. Nikarudisha waya, nikapiga ping 8.8.8.8. Milisekunde 38. Sijawahi kuona namba nzuri namna ile. Mwisho nikazima kiboksi, nikakiwasha tena, nione kama kitakumbuka tulichokubaliana.

Kikakumbuka. Simu za chumbani zikaanza kulia, ujumbe wa siku nzima unaingia kwa mpigo. Mama Asha akatoa kichwa mlangoni, akatazama taa, akanitazama na nundu yangu.

"Umeizima ukaiwasha?"

"Ndiyo, lakini..."

"Si ndivyo alivyokwambia yule kijana toka mchana?"