Dizeli kubwa iliyotumika: chagua injini kwanza, gari baadaye

Wadau, mtu anayetaka gari kubwa ya dizeli iliyotumika, hizi E-Class, BMW 5 Series, Audi A6 na wenzake, achague injini kwanza alafu ndo atafute gari lililobeba hiyo injini. Wengi wanafanya kinyume. Wanaanza na rangi, viti vya ngozi, sanrufu, mwaka, kilomita, na mwisho kabisa ukimuuliza jamaa gari lako lina injini gani anakujibu "ni 220" au "ni 520d", na hapo advansi ameshatoa. Inaniuma kila nikiona hivyo, kwa sababu kwenye haya magari bodi ni ileile, viti vilevile, lakini injini moja itakubeba miaka na nyingine itakufanya ujuane na mafundi wote.

Na ile namba ya mgongoni msiiamini. Chukua BMW 525d. Kwenye bodi ya E60 (toleo la 5 Series) za mwanzo ilikuwa silinda sita, lita 2.5. Ilipofika 2007 jina likabaki ila ndani wakaweka lita 3.0 ya 530d iliyopunguzwa nguvu, hosipawa 197. Ikaja bodi iliyofuata, F10, mwanzoni bado silinda sita, halafu kuanzia 2011 wakaweka silinda nne ya lita 2.0 yenye turbo mbili, hosipawa 218. Kwa hiyo mnunuzi anaona nguvu inapanda kwenye karatasi, mwaka ni wa karibuni, anafikiri amepata bora zaidi, kumbe anaondoka na injini nyingine kabisa inayosukumwa kwa nguvu kuliko ile ya zamani. Mercedes nao hivyohivyo, kwenye E-Class ya bodi ya W212, E200 CDI, E220 CDI na E250 CDI zote ni injini moja ya cc 2143, tofauti ni turbo na jinsi ilivyosetiwa. Cha kufanya, omba namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti za spea, itakutolea kodi (msimbo) ya injini. Ukishajua ni M57 au N47, OM648 au OM651, hapo ndo mnaweza kuanza kuongea na muuzaji.

Mi kitu cha kwanza naangalia ni cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, imekaa wapi. Watu hawaulizi hili swali na ndilo lenye hela. Injini ya N47, ile silinda nne ya BMW iliyoanza 2007, ndo imo kwenye 520d nyingi mnazoziona zinauzwa, hosipawa 177, inakula mafuta kidogo sana kwa gari la saizi ile, na kuendesha ni raha hilo silikatai. Ila cheni yake imewekwa nyuma, upande wa gia boksi. Na kwenye zilizotengenezwa hadi kwenye 2011 hivi, cheni na zile plastiki zinazoiongoza zilijulikana kwa kuisha mapema. Cheni ikikatika pistoni zinagonga valvu, injini imekwisha. Na hata ukiiwahi, kuibadilisha lazima gia boksi ishuke au injini yenyewe itolewe nje, yaani spea yenyewe sio kitu kikubwa, bei yote inaenda kwenye kufungua na kufunga. Ukisimama karibu na gari hiyo ikiwa imewashwa ukasikia kama mkwaruzo wa chuma unatoka nyuma ya injini, ukikanyaga kidogo unapanda na mzunguko, usianze kujadili bei. B47 iliyokuja kuirithi 2014 imetulia zaidi lakini cheni bado iko nyuma, kwa hiyo rekodi ya kubadilisha oili ndo roho yake.

Sasa linganisha na M57. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, imeanza 1998, imetumika kwenye 5 Series za bodi ya E39 na E60, na cheni iko mbele fundi anaifikia. Kwenye 530d ya E60 inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 500, na hiyo torki inakuja mapema, sasa kwenye barabara kuu injini haihangaiki, iko chini kwenye mizunguko michache, haipati joto la ajabu, haipiganii pumzi. Hii ndo sababu naipenda na nitaendelea kuipenda. Silinda nne ya lita mbili iliyobebeshwa gari la tani moja na nusu na zaidi kila siku inafanya kazi karibu na uwezo wake, turbo inafukuzwa, na vyote hivyo vinaonekana ikifika mkono wa tatu. Silinda sita yenye nguvu ya akiba inachakaa taratibu.

Sio kwamba M57 haina ugonjwa. Ndani ya manifoldi ya kuingiza hewa kuna vile vibati vidogo vinavyofunguka na kujifunga, kwenye baadhi ya injini vinalegea, kipande kinamezwa na silinda na hapo unalia. Dawa inajulikana, vinatolewa na mashimo yanazibwa kwa vifuniko, kazi ya siku moja, kwa hiyo muulize muuzaji kama vilishatolewa, na kama hajui maana yake havijatolewa. Manifoldi ya egzosi nayo inapata nyufa. Lakini haya ni matatizo ambayo fundi anafungua boneti anayafikia, na hapo ndo tofauti ilipo. N57 iliyokuja 2008 nayo ni silinda sita nzuri na ina nguvu zaidi, ila wakahamisha cheni nyuma kama kwa mdogo wake N47, kwa hiyo naichukua tu kama historia ya oili ipo kamili.

Kwa Mercedes, ningepewa nichague moja ningechukua OM648. Ni ile E320 CDI ya bodi ya W211 ya kati ya 2002 na 2005, silinda sita za mstari, lita 3.2, hosipawa 204. Injini tulivu sana hii. Kuanzia 2005 wakaingiza V6, OM642, yenye nguvu zaidi, na kiukweli chini yake ni injini ngumu, ila kuna kitu kimoja lazima ukijue. Kipoza oili kimewekwa katikati ya ile V, chini ya turbo na manifoldi, na sili zake zikichoka oili inavuja, inajaa pale bondeni, inatiririka nyuma na kutokea pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi asiyeijua anakwambia ni sili ya krenkshafti, anashusha gia boksi, anabadilisha sili ambayo haikuwa na kosa, wiki mbili oili inavuja tena. Sili zenyewe ni viringi vya mpira tu ila kuzifikia unavua nusu ya juu ya injini. Ukikuta OM642 ambayo hiyo kazi imeshafanywa na kuna risiti, hiyo gari imepanda thamani machoni pangu kuliko ambayo ina kilomita chache na haijaguswa. (W211 za kabla ya 2006 zina ule mfumo wa breki za umeme, SBC, ambao pampu yake inahesabu ikishafika kikomo inadai kubadilishwa, kwahiyo ulizia na hilo ingawa sio injini.)

Silinda nne za Mercedes mi sizidharau. OM646 ya E220 CDI ya W211 ni punda, inakwenda. OM651 iliyoifuata, za mwanzo kabisa zilisumbua nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) za umeme aina ya piezo mpaka Mercedes wenyewe wakawa wanazibadilisha na kuweka aina nyingine, kwa hiyo hapo uliza kama zilibadilishwa. Cheni yake nayo iko nyuma.

Audi A6 nitapita haraka. Ile 2.5 V6 ya bodi ya C5 ilikuwa na kesi ya kamshafti kulika. 2.0 TDI za mwanzo za C6, zile za kabla ya komon reli (bomba moja la presha linalolisha nozeli zote), zina kijiti cha pembe sita kinachozungusha pampu ya oili, kinalika taratibu, siku moja presha ya oili inapotea na turbo ndo inakufa ya kwanza. Za komon reli zilizofuata ni bora, zina mkanda wa taimingi ambao unabadilishwa kwa ratiba. V6 za 2.7 na 3.0 ni tamu barabarani ila cheni ziko nyuma. Na kama hujang'ang'ania Wajerumani kaangalie Volvo S80 yenye D5, silinda tano, lita 2.4, mkanda wa taimingi uko pembeni unafikika, watu wanaipita kwa sababu ya beji tu na mi naona wanapoteza.

Haya, sasa tuje kwenye jambo ambalo linaua hizi injini zote bila kujali jina, nalo ni safari zako. Dizeli za kuanzia miaka ya 2005 kuja juu nyingi zina chujio la masizi, ndo DPF. Chujio likijaa, injini inaongeza mafuta ili joto lipande kufikia kama nyuzi 600 masizi yaungue. Hiyo kazi inahitaji gari liende mwendo wa kutulia kwa dakika kadhaa. Sasa wewe gari lako ni nyumbani kazini kilomita nne, foleni, unazima. Kila mara mzunguko wa kusafisha unakatika njiani, mafuta yaliyoongezwa yanateremka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi, na oili nyepesi ndo inayomaliza cheni na turbo. Yaani unaona ilivyofungamana? Mtu analaumu cheni kumbe kosa lilianzia kwenye safari fupi na oili iliyokaa muda mrefu. Kwa hiyo kama maisha yako ni ya safari fupi tupu, nunua ya petroli, hata M57 hainusuru. Na kama unapoishi dizeli ina salfa nyingi, tafuta injini ya zamani isiyo na chujio kabisa, maana hizi za Euro 5 na Euro 6 (viwango vya moshi vya Ulaya) zimetengenezwa kwa mafuta yenye salfa ndogo sana, kule Ulaya kikomo ni 10 ppm (sehemu kumi kwa milioni).

Kuna wanaosema si unalitoa tu hilo chujio. Mi napinga na napinga kwa nguvu. Ile moshi watoto wanaivuta, nchi nyingi ni kosa kisheria, na pia kama chujio lilijaa kabla ya wakati mara nyingi kuna sababu nyuma yake, nozeli inamwaga, EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) imeganda, turbo inapitisha oili, sasa wewe umetoa kengele ukaacha moto. Gari ambalo muuzaji anajisifu limetolewa DPF na kuongezwa nguvu kwa programu, mi naliacha hapohapo.

Valvu ya EGR nayo iangalie na kipoza chake. 2018 BMW waliyaita magari mengi ya dizeli yarudi kurekebishwa, baada ya kesi za kuungua moto hasa Korea Kusini, tatizo lilikuwa kipoza cha EGR kuvuja maji yake yakachanganyika na masizi. Hili linakaguliwa kwa namba ya chesisi, ni bure, na gari ambalo halijafanyiwa hiyo kazi unamwambia muuzaji alipeleke kwanza.

Kuhusu kilomita, naomba mnielewe. Kilomita 280,000 zenye risiti za oili kila 15,000, nyingi za barabara kuu, nazichukua mbele ya kilomita 110,000 za mjini zenye oili iliyobadilishwa kila 30,000 kwa sababu kompyuta ilisema bado. Zile ratiba ndefu za oili zimeua cheni nyingi. Na gia boksi za otomatiki za ZF msidanganyike na lile neno la oili ya maisha, ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti, liwe la baridi. Liwashe mwenyewe, sikiliza zile sekunde za mwanzo, ndo cheni inaongea hapo. Toa kava la plastiki juu ya injini uangalie kuzunguka nozeli, ukikuta tope gumu jeusi kama lami, hasa kwenye CDI za Mercedes, washa (viringi vya kuzibia) za nozeli zinapitisha gesi na kuzing'oa inaweza kuwa vita. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, soma marekebisho ya kila nozeli injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), moja ikiwa mbali sana na wenzake hiyo inaelekea kufa. Soma pia kiwango cha masizi kwenye chujio na mara ya mwisho lilijisafisha lini. Fundi ulienda naye akae humo ndani ya gari mwende angalau nusu saa mpaka joto lipande lenyewe, kisha zima, washa tena likiwa la moto, maana kuna nozeli na pampu zinazokubali kuwasha kwa baridi na kugoma kwa moto. Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, au ukikuta boneti ya moto wakati mlikubaliana asiliwashe, mwambie asante na uondoke, M57 na OM648 nzuri bado zipo sokoni.