Mwiko Wangu, Sifa za Sufuria

Mimi napenda kupika. Nalisema waziwazi, maana nyumbani kwangu jambo hili linahesabiwa kama homa: linanipanda Jumamosi, Jumapili nimepona. Mke wangu akiniona nafunga aproni huwageukia watoto: "Haya, ongezeni mkate mwingine, baba yenu ameingia jikoni." Saa tatu asubuhi hiyo! Nami napika cha mchana!

Nianze na vitunguu, kwa sababu ndiko mateso yanakoanzia. Wale waandika mapishi wanaosema "kaanga vitunguu dakika tano hadi viwe kahawia" sijui wanatumia moto wa jehanamu. Dakika tano vitunguu vinalainika tu na kukutazama. Kahawia yenyewe, ile inayoleta utamu, ni nusu saa na ushee, moto mdogo, mwiko mkononi, simu ikiita huipokei. Na hapo hujapika kitu bado. Umekaanga vitunguu.

Kulia nako umeshalia zamani. Kitunguu kizima hakina ugomvi na mtu. Ukikikata ndipo chembe zake zinapasuka, vimeng'enya vinakutana na viambata vya salfa, inatoka hewa kali inayopanda hadi machoni. Kisu kikali kinapasua chembe chache. Kisu butu kinaziponda, unalia kama uliyefiwa. Sasa kisu changu nilikinoa Ijumaa usiku kwa mikono yangu. Jumamosi nimekikuta kina rangi ya bluu kwenye ncha. Kimefungulia kopo la rangi! Nimeuliza. Hakuna aliyekigusa. Nyumba yetu ina watu watano, na wote watano tangu wazaliwe hawajawahi kugusa kitu.

Halafu kuna wafunua sufuria. Mtu amekuja jikoni kunywa maji, hana shida nyingine, lakini hawezi kuondoka bila kufunua. Anafunua, anainama, ananusa, anasema "mmh", anakwenda zake. Kifuniko amekiacha upande. Wali katika dakika zake za mwisho unaivishwa na mvuke, na mvuke wangu ndio ule unatoka dirishani unakwenda kuivisha mawingu. Na hiyo "mmh" ina maana gani? Miaka kumi na miwili ya ndoa sijaielewa. Ukiuliza unajibiwa, "Kwani nimesema nini?"

Jumamosi hii niliamua kuikaanga nyama kabla ya kuitia kwenye mchuzi. Kidogokidogo, vipande sita, natoa, natia vingine sita. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, ungetia yote mara moja tungekuwa tunakula sasa hivi."

Mtu akinichokoza kwenye jambo ninalolijua, sinyamazi. Nikamweleza kwamba ukijaza nyama inatoa maji, maji hayavuki nyuzi joto 100, na nyama inataka kama 140 ndipo igeuke kahawia na kunukia vile inavyonukia. Ukiijaza yote unaichemsha, hukaangi. Nikaendelea, mwiko juu kama hakimu na rungu lake: yupo mkemia Mfaransa, Louis Camille Maillard, aliyeeleza mwaka 1912 jinsi asidi amino, zile zinazojenga protini, na sukari zinavyopatana zikipata joto, na ladha ya nyama ya kukaanga, ya mkate, hata ya kahawa...

"Baba," binti yangu akauliza kutoka sebuleni, "huyo Maillard kwake walikuwa wanakula saa ngapi?"

Shemeji yangu akacheka hadi akakohoa. Huyu shemeji huja kila ninapopika, kunipa moyo, anasema. Alikuwa ameshaonja mchuzi bila ruhusa na kutangaza kwamba pilipili haisikiki. Nikasema sawa shemeji, nikaongeza mbili. Dakika chache baadaye alionja tena, kijiko kizima, akawa anatafuta maji. Sasa ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Ukinywa maji unautembeza tu mdomoni ukaone vyumba vingine. Dawa yake ni maziwa. Maziwa yalikuwepo, na mimi nalijua hilo vizuri sana. Nikamwacha amalize glasi ya pili ya maji ndipo nikakumbuka.

Kumbe wakati wote huo nahutubu, wali uko motoni. Aliyeukumbuka si mimi, ni pua ya mtoto mdogo: "Baba, kuna kitu kinanukia." Nikaruka. Chini ulishashika. Nikaupakua wa juu kimyakimya, ule mweupe, nikaificha sufuria nyuma ya jiko, nikaita watu mezani kwa sauti ya mtu asiye na siri.

Saa nne nzima nilizokaa jikoni waliziramba kwa dakika tisa. Nilihesabu. Kuhusu nyama iliyokaangwa sita sita hakuna aliyesema neno. Vitunguu vya nusu saa vilishayeyuka kwenye mchuzi, havionekani, hata ushahidi sina. Mke wangu alisema chumvi iko sawa. Iko sawa! Kama mtihani wa kuandika jina.

Ndipo shemeji akaenda jikoni kuongeza maziwa, akafunua kile asichokuwa na haja ya kufunua.

"Jamani! Kuna ukoko!"

Sijawahi kuona familia yangu ikikimbia hivyo, hata siku ya moshi. Vijiko vilikwangua sufuria utadhani tunachimba kisima. Ukoko ulikuwa wa kahawia, mkavu, unalia krap mdomoni, na kwa jinsi ulivyonukia Maillard mwenyewe angeomba kipande. Mtoto mdogo alinikumbatia mguu. Mke wangu, mwanamke ambaye "mmh" ndiyo pongezi yake, akaramba kidole taratibu, akanitazama.

"Hapa," akasema, "ndipo ulipojitahidi."

Saa kumi jioni nilikuwa peke yangu kwenye sinki na hiyo sufuria niliyojitahidi. Mwosha vyombo hakupatikana. Watu watano, hakuna aliyekula. Pembeni kabisa, chini ya mkunjo wa sufuria, kilikuwa kimebaki kipande kama cha ukucha. Nikatazama mlangoni. Nikakikwangua polepole kwa ncha ya kile kisu cha bluu.

"Baba," sauti ikatoka nyuma yangu, "kimebaki?"